Teremka Tukaze: Uhakiki wa Mvuto wa Kudumu wa Samani za Skandinavia kwa Mtazamo wa Sebule za Masumbwe

Ikisiri

Makala hii inahakiki maelezo yaliyozoeleka kuhusu mvuto wa kudumu wa samani mashuhuri za Skandinavia majumbani, hususani viti vilivyobuniwa kati ya mwaka 1933 na 1949. Maelezo hayo hudai kwamba viti hivyo vimedumu kwa sababu ya usahili wa umbo lake. Kwa kuvilinganisha na kigoda cha Unyamwezi na Usukuma, kitanda cha kamba cha pwani na makochi ya Masumbwe mkoani Geita, makala inaonesha kwamba usahili peke yake hautoshi kueleza mvuto huo, kwa kuwa kigoda ni sahili na bado kimeondoka sebuleni. Hoja kuu ni kwamba samani hudumu katika mapenzi ya watu pale inapoweza kukazwa, yaani kutengenezwa upya na mafundi wanaojulikana, chini ya taasisi inayoilinda kazi hiyo. Makala inahitimisha kwa kubainisha yale yanayoweza kuwafaa mafundi wa Masumbwe na yale yasiyohamishika.

1.0 Utangulizi

Masumbwe ni mji mdogo wa Wilaya ya Mbogwe, kando ya barabara kuu itokayo Kahama kuelekea Ushirombo na hatimaye mpaka wa Rwanda. Hadi mwaka 2012 eneo hili lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bukombe katika Mkoa wa Shinyanga. Mwaka huo ulipoanzishwa Mkoa wa Geita, Mbogwe nayo ikawa wilaya. Ni nchi ya Wasumbwa yenye Wasukuma wengi, na uchumi wake unategemea kilimo, mifugo, biashara ya barabarani na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Huenda mahali hapa pasionekane pa kufaa kuanzishia mjadala wa viti vya Copenhagen na Helsinki. Makala inapachagua kwa sababu ya kiuhakiki: hapa pana kigoda, samani yenye karibu kila sifa ambayo wahakiki wa usanifu huisifu katika viti vya Skandinavia, na hapa hapa kigoda hicho kimeshindwa na kochi.

Neno Skandinavia linatumika katika makala hii kwa maana yake pana, likijumuisha Ufini pamoja na Denmaki, Uswidi na Norwei. Samani zinazojadiliwa ni chache na zimechaguliwa kwa sababu bado zinatengenezwa na kuuzwa hadi leo: kiti cha Safari cha Kaare Klint (1933), kigoda namba 60 cha Alvar Aalto (1933), kiti cha J39 cha Børge Mogensen (1947), pamoja na kiti cha CH24, maarufu kama Wishbone, cha Hans J. Wegner na kiti cha Mtemi cha Finn Juhl, vyote viwili vya mwaka 1949.

Maelezo ya kawaida kuhusu umaarufu wa viti hivi ni mafupi. Husemwa kwamba ni vyepesi, havina nakshi, mbao zake huonekana na umbo lake halichoshi jicho. Kwa ufupi, vimedumu kwa kuwa ni sahili. Waswahili husema kizuri chajiuza, na maelezo haya kwa hakika ni methali hiyo iliyovishwa istilahi za usanifu. Makala hii inapinga kwamba kizuri hujiuza chenyewe. Ingekuwa hivyo, kigoda kingekuwa bado kimewekwa mbele ya mgeni katika sebule za Masumbwe.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuitazama kazi ya sanaa kwa pande mbili: fani na maudhui. Mkabala huo unaweza kuhamishiwa kwenye samani bila kulazimisha mambo. Fani ya kiti ni mbao yake, viungo vyake, uwiano wake na mkono wa fundi. Maudhui yake ni uhusiano ambao kiti hicho hupanga ndani ya nyumba: nani hukaa juu na nani chini, mgeni hupokewaje, mwenye nyumba hujitambulishaje. Kiti cha enzi cha Lamu na Unguja, kwa mfano, chenye mbao nyeusi, mapambo ya pembe na mgongo ulionyooka, hakikutengenezwa kwa ajili ya kupumzikia. Kilikuwa kauli ya heshima iliyowekwa sebuleni ili mgeni aisome.

Hata hivyo, fani na maudhui hazitoshi kwa kitu kinachotumika kila siku kwa miaka 30 au 50. Shairi halilegei kwa kusomwa mara nyingi, ilhali kiti hulegea kwa kukaliwa. Kwa hiyo makala inaongeza kigezo cha tatu, nacho ni matunzo. Kigezo hiki kimo tayari ndani ya Kiswahili. Watu wa pwani wana kitanda cha fito nne na kamba zilizosukwa, ambacho kwa ucheshi hukiita teremka tukaze. Jina hilo ni sentensi nzima: anayetunza kitanda anamwambia anayekilalia ashuke, kamba zikazwe, kisha apande tena. Linakiri bila aibu kwamba kitu kitalegea. Pia linadokeza kwamba kulegea si mwisho wa kitu hicho, na kwamba ndani ya nyumba yupo mtu ajuaye kukaza. Kwa msingi huo, swali la makala hii juu ya kila samani litakuwa: je, inakazika, na nani hukaza?

3.0 Fani: Viungo Vinavyoonekana

Tuanze na kigoda namba 60 cha Aalto. Kina kikalio cha mviringo na miguu mitatu ya mti wa betula, mti unaopatikana kwa wingi katika misitu ya Ufini. Mguu umepindwa kwa pembe juu: ncha ya ubao mgumu hupasuliwa nyufa nyembamba, mbao laini kama karatasi huingizwa humo pamoja na gundi, kisha ncha hiyo hupindwa na kuachwa ikauke. Mguu uliokwisha kupindwa hufungwa chini ya kikalio kwa skrubu, hivyo hakuna fremu ya kati. Mtu akikigeuza, anaona mara moja namna kilivyoshikana na mahali pa kukaza.

Kiti cha Mogensen na kile cha Wegner vina kikalio kilichosukwa kwa kamba ya karatasi ngumu. CH24 hutumia takribani mita 120 za kamba hiyo, na msukaji huifanya kazi yote kwa mkono. Kikalio ndicho huchakaa kwanza. Kikichakaa, hukatwa na kusukwa kingine, na fremu ya mbao huendelea na maisha yake. Kimantiki hiki ni teremka tukaze, tofauti ni kwamba kazi ya kukaza hufanyika baada ya miaka mingi na hufanywa na fundi badala ya mtu wa nyumbani.

Kiti cha Safari cha Klint kinakwenda mbali zaidi. Hakina gundi wala msumari. Vijiti vyake vina ncha zilizochongoka ambazo huingia katika matundu ya miguu, na mikanda hushikilia turubai au ngozi. Mtu anapokaa, uzito wake huvuta mikanda na kuzikaza ncha hizo katika matundu. Anayekikalia ndiye anayekikaza. Akiondoka, kiti kinaweza kufumuliwa na kufungwa kama mzigo bila zana yoyote.

Sasa tukilinganishe kigoda cha nchi yetu, ambacho Wasukuma hukiita isumbi. Huchongwa kutoka katika gogo moja, mara nyingi kikiwa na miguu mitatu kama cha Aalto, na kwa sababu ileile ya kimaumbile: miguu mitatu hukaa imara hata juu ya sakafu ya udongo isiyo sawa, ambapo minne hutikisika. Hakina nakshi nyingi, mbao yake haikufichwa, na kikalio kimebonyea kulingana na mwili. Kwa vigezo vya usahili, kigoda hiki hakipungukiwi na chochote. Lakini kwa kigezo cha matunzo kina udhaifu mkubwa. Kwa kuwa hakina kiungo, hakina cha kulegea, na kwa hiyo hakina cha kukazwa. Mguu ukipasuka, kigoda kimekwisha. Cha kufuatia kinahitaji gogo jingine nene na mchongaji mwingine, na sehemu kubwa ya gogo hilo huishia kuwa vipande vya kuni. Msitu unaporudi nyuma na wachongaji kupungua, kigoda hukosa njia ya kujirudia, hata kama uzuri wake haujapungua hata kidogo.

4.0 Maudhui: Majina Yaliyoazimwa

Viti viwili kati ya hivi vinatuhusu kwa njia ambayo wahakiki wa Ulaya hupita juu yake haraka. Cha kwanza kina jina la Kiswahili. Inaelezwa kwamba Klint alichukua mfano kutoka katika kiti cha kufumuliwa cha maofisa wa jeshi la Uingereza, kilichoitwa Roorkee kwa jina la mji wa India, baada ya kukiona katika picha za safari za uwindaji Afrika Mashariki. Kwa hiyo kiti kinachohesabiwa miongoni mwa kazi mashuhuri za usasa wa Denmaki kilitokana na mahitaji ya dola la kikoloni lililokuwa safarini. Waliokibeba kichwani hawamo katika jina lake. Neno safari lilichukuliwa, wapagazi wakaachwa.

Cha pili ni kiti cha Juhl. Inasimuliwa kwamba Mfalme Frederik IX alikikalia wakati wa ufunguzi wa maonesho ya chama cha maseremala wa Copenhagen mwaka 1949. Ilipopendekezwa kiitwe kiti cha mfalme, Juhl alichagua jina la mtemi, au chifu. Ni kiti kipana, chenye mikono ya ngozi iliyotandazwa kama tandiko la farasi. Jina lake lilibeba wazo la ukuu usio wa Kizungu, na wazo hilo likakifanya kiti kionekane cha ujasiri.

Wakati huohuo viti vya watemi halisi vilikuwa katika hali tofauti kabisa. Kiti cha Buruku, kilichotoka Unyamwezi na chenye umbo la binadamu lililochongwa mgongoni, kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa na kuhifadhiwa katika makumbusho ya Berlin. Nyumbani, cheo chenyewe kiliondolewa kisheria mwaka 1963, serikali ya Tanganyika ilipofuta mamlaka ya machifu. Kiti cha mtemi kikabaki bila mkalizi. Katika Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, karibu na Mwanza, yaliyoanzishwa na Padre David Clement, kuna jengo lililopewa umbo la kiti cha kifalme, na ndani yake zimehifadhiwa ngoma na zana za utemi. Hapo kiti kimekuzwa hadi kuwa nyumba, kwa sababu ndani ya nyumba za watu hakikuwa na nafasi tena.

Ulinganisho huu una maana zaidi ya malalamiko ya kihistoria. Unaonesha kwamba umbo moja linaweza kuwa la kudumu mahali pamoja na la makumbusho mahali pengine. Tofauti haiko ndani ya kiti. Iko katika kilichokizunguka.

5.0 Taasisi Nyuma ya Kiti

Ni nini basi kilichovizunguka viti vya Skandinavia? Kwanza, kulikuwa na fikra iliyotangulia mbao. Mwaka 1899 mwandishi wa Uswidi Ellen Key alichapisha kazi yake kuhusu uzuri kwa ajili ya wote, akidai kwamba nyumba ya mfanyakazi inastahili uzuri sawa na ya tajiri. Pili, kulikuwa na shule. Klint alianza kufundisha usanifu wa samani katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha Copenhagen mwaka 1924, na wanafunzi wake walipima miili ya watu, vyombo vya mezani na nguo za kabatini kabla ya kuchora chochote. Tatu, kulikuwa na chama cha mafundi. Maseremala wa Copenhagen walifanya maonesho kila mwaka kuanzia 1927 hadi 1966, wakiwakutanisha wabunifu na mafundi wenye karakana.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote kwa msomaji wa Kanda ya Ziwa, kulikuwa na ushirika. Muungano wa vyama vya ushirika vya Denmaki, FDB, ulimwajiri Mogensen mwaka 1942 aongoze ofisi yake ya usanifu wa samani. Kiti cha J39 kilizaliwa humo. Walengwa wake walikuwa wanachama wa ushirika, watu wa kipato cha kawaida waliokaa katika nyumba ndogo. Kiti hicho kilikuwa chepesi kwa kuwa nyumba ilikuwa finyu, na kilikosa mapambo kwa kuwa mapambo yangepandisha bei. Usahili wake ulikuwa matokeo ya uamuzi wa pamoja kuhusu nani anastahili kiti kizuri.

Ushirika si jambo geni kwetu. Mwaka 1955 wakulima wa pamba wa kanda hii, chini ya uongozi wa Paul Bomani, waliunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo lilikua na kuwa mojawapo ya mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Nchi za Nodiki nazo zilikuja kwetu mapema: mwaka 1963 zilitia saini mkataba na Tanganyika wa kujenga kituo cha elimu, afya na kilimo huko Kibaha, ambacho kilikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Elimu, afya na kilimo vilikuwa sehemu ya mazungumzo hayo. Ushirika wetu ulijengwa juu ya zao la kuuza nje, pamba, na juhudi zake zilielekea ghalani na kwenye kinu cha kuchambulia. Kiti cha mwanachama kilibaki kuwa jambo lake binafsi.

Haifai, hata hivyo, kuipamba hadithi ya Skandinavia. Viti vilivyobuniwa kwa ajili ya nyumba ya kawaida leo ni bidhaa za bei ghali, na nakala halali ya CH24 haiko katika uwezo wa mwalimu wala wa seremala. Umaarufu wake ulisukumwa pia na maonesho ya biashara, kama yale yaliyozunguka Marekani na Kanada kati ya 1954 na 1957, na na televisheni: John F. Kennedy na Richard Nixon walipofanya mdahalo wao mwaka 1960, viti vya Wegner vilikuwa jukwaani. Mbao nyingi za mtiki zilizozipa samani za Denmaki rangi yake katika miaka ya 1950 zilitoka Asia. Kizuri hakikujiuza chenyewe. Kiliuzwa, tena kwa bidii.

6.0 Sebule ya Masumbwe

Kochi la Masumbwe linapaswa kusomwa kwa heshima ileile. Ni pana, lina mito mikubwa, kitambaa kinachong'aa na mara nyingi vitambaa vya kufuma juu ya mgongo. Hutengenezwa katika karakana za kando ya barabara na huanikwa nje ili wapita njia wayaone. Mhakiki aliyelelewa na vitabu vya usanifu ataliita zito na lenye kujionesha. Hukumu hiyo ni ya haraka. Katika mji ambao kipato cha machimbo huja kwa ghafla na kuondoka vivyo hivyo, kochi huibadili dhahabu kuwa kitu ambacho mke, wazazi na majirani wanaweza kukiona na kukikalia. Maudhui yake ni ushahidi: nilipata, na sikuyamaliza yote nje. Kipya kinyemi, husema wahenga, lakini hapa upya una kazi yake ya kijamii.

Aidha, kochi hukazika. Mafundi wa sofa hubadilisha kitambaa, huongeza sponji na kupigilia upya, na wengi wao wanajulikana kwa majina na wateja wao. Kwa kigezo cha matunzo, kochi liko karibu zaidi na CH24 kuliko kigoda kilivyo. Hii ndiyo sababu mojawapo ya ushindi wake, na ni sababu ambayo maelezo ya usahili hayawezi kuiona.

Udhaifu wa kochi uko katika kile kisichoonekana. Fremu yake imefichwa chini ya kitambaa, na mnunuzi hana njia ya kujua kama ndani kuna mbao iliyokauka vizuri au mabaki yaliyounganishwa kwa misumari. Kiti cha Aalto hakiwezi kusema uongo kuhusu mguu wake, kochi linaweza. Gharama ya uongo huo humwangukia mnunuzi, na humwangukia pia fundi mwaminifu, ambaye kiungo chake kizuri hakionekani na kwa hiyo hakilipwi. Hapa ndipo mbao inayoonekana inapokuwa suala la haki, mbali na ladha. Pale ambapo kiungo kiko wazi, ubora unaweza kudaiwa na ustadi unaweza kupata bei yake.

Kuna pia wakazi ambao kochi haliwafai kabisa. Mchimbaji mdogo huhama kila inaposikika rashi mpya, yaani mfumuko wa watu kukimbilia mahali palipogunduliwa dhahabu. Husafiri na godoro, ndoo na nguo, na hukalia dumu au gogo. Mtu huyu ndiye hasa aliyehitaji kiti cha kufumuliwa. Kiti kilichobuniwa Copenhagen kwa jina la safari hakijawahi kumfikia anayesafiri kweli.

Suala la mwisho ni mti. Mninga, mbao inayopendwa kuliko zote katika karakana hizi, hukua polepole katika misitu ya miombo. Aalto alichagua betula kwa sababu ilikuwa tele na alibuni mbinu ya kuipinda ili ifae. Kumfuata kwa kweli hakuna maana ya kuiga umbo la kigoda chake kwa mninga. Maana yake ni kuuliza ni mti gani ulio tele hapa, kama vile mtiki na msonobari wa mashamba ya kupandwa, na kubuni kiungo kinachoufaa mti huo. Vilevile weupe wa mbao za Kaskazini ulijibu majira marefu ya giza, nyumba ikihitaji kuakisi kila mwanga. Masumbwe haina uhaba wa jua, na sehemu kubwa ya maisha ya nyumbani huendelea uani, chini ya mti. Rangi hiyo haina hoja hapa. Wepesi unayo, kwa kuwa kiti cha uani hubebwa kila siku kutoka ndani kwenda nje na kurudi.

7.0 Hitimisho

Makala hii imejadili kwamba mvuto wa kudumu wa samani za Skandinavia hauelezeki kwa usahili wa umbo peke yake. Kigoda cha Unyamwezi na Usukuma kina usahili huo, na bado kimehamia makumbusho. Kilichovidumisha viti vya Klint, Aalto, Mogensen na Wegner ni muungano wa mambo matatu: kiungo kinachoonekana na kukazika, fundi mwenye karakana inayoendelea, na taasisi iliyoamua kwamba nyumba ya kawaida inastahili kazi nzuri. Jambo la tatu likitoweka, kama lilivyoanza kutoweka hata huko kwao, kiti hubaki kizuri lakini hugeuka kuwa mali ya wachache.

Kwa uhakiki wa usanifu katika Kiswahili, matokeo haya yanapendekeza kwamba matunzo yawekwe bega kwa bega na fani na maudhui kila kinapohakikiwa kitu cha matumizi. Kwa mafundi wa Masumbwe, yanaonesha kwamba cha kuchukua kutoka Kaskazini si picha za viti. Ni kanuni ya kuacha kiungo wazi, kutumia mti ulio tele, na kuwa na chama kinachoweza kuithibitishia jamii ubora wa fremu. Ushirika uliowahi kupima pamba ya mkulima kwa mizani iliyo wazi mbele ya mwenyewe unaweza pia kupima kiti. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu msamiati wa viungo vya useremala unaotumika katika karakana za Kanda ya Ziwa, kwa kuwa kiungo kisicho na jina katika lugha ya mteja ni vigumu kukidai na ni rahisi kukificha.